Beji ya Baba Niliyoisugua kwa Ukwaju

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka mpaka rangi ya uzi niliokuwa nashonea. Ilikuwa Jumatatu, mvua imetoka kukatika, nami nimekaa kwenye cherehani yangu Kibaha Maili Moja, barazani, nafumua ukosi wa koti la mtumba. Koti lilikuwa la Ramadhani Kondo wa Kisarawe. Namtaja jina kwa sababu yupo hai na anajua kusoma. Akiliona na alione.

Nakuandikia kwa sababu nimesikia nawe umeingia kwenye hayo makundi ya kubadilishana beji mtandaoni. Dada yako kaniambia. Wewe mwenyewe hukuniambia, labda ulijua nitanuna. Nimenuna kweli, siku mbili, halafu nikaona kununa kwangu hakutakufundisha kitu.

Sasa sikiliza. Kondo alikuwa muuza makoti ya mtumba, na makoti yale mara nyingi yanakuja na beji zimesahauliwa ukosini. Beji za Wazungu huko, za vilabu vyao, za shule zao, za milima waliyoipanda. Sisi mafundi tulikuwa tunazing'oa na kuzitupa kwenye kopo la vifungo. Siku ile niling'oa moja ya kijani, katikati ina ndege mwekundu, nikampa Kondo kwa mkono wangu huu. Nikamwambia aiweke mbali isije ikanivunjia sindano. Basi. Sikuitazama mara mbili.

Baada ya wiki mbili akaja na simu mpya ya kupangusa, amechangamka kama bwana harusi.

"Fundi, njoo uone maajabu!"

Kulikuwa na kundi kwenye simu, watu wa Tanga, wa Arusha, wa Mombasa, kazi yao kubadilishana beji. Unapiga picha ya mbele, unapiga picha ya mgongoni, unasema unataka nini, mwenye nacho anajitokeza. Hakuna kuuziana, ni beji kwa beji. Na yule ndege mwekundu wa Kondo walikuwa wanamgombania. Mmoja ameandika "Kali sana hiyo kaka!" Mwingine, "Kondo we noma!" Mwingine tena, "Mwambie fundi wako asije akazitupa nyingine!"

Mwanangu, niliyasoma maneno yale mara mbili. Aliyeiona beji ile kwanza ni nani? Mimi. Aliyeifumua bila kuikwaruza ni nani? Mimi. Halafu sifa kapata Kondo, na mimi nimekuwa "fundi wako". Nilikuwa bado sijafika arobaini, nina darasa la nne tu, na sikuwahi kusifiwa na mtu wa Mombasa kwa jambo lolote.

Nikamwambia aniingize kundini. Akaniingiza palepale, akaandika: "Huyu ni ndugu yangu, mpokeeni, bado anajifunza." Hayo maneno, bado anajifunza, yaliniuma mwezi mzima. Nani alimtuma aseme?

Nikamwaga kopo langu la vifungo, nikapiga picha kila chenye pini. Picha zangu zilikuwa na ukungu, mgongo wa beji sikuupiga, na haraka yangu ikanifanya nirushe na kitu ambacho hakikuwa beji. Kijana mmoja wa Tanga akajibu, "Mzee, hicho ni kifungo cha suruali ya jinzi." Wakacheka kundi zima. Kondo hakucheka, aliandika, "Mwacheni, kila mtu kaanzia hapo." Ningependa angecheka. Mtu akikucheka unajua pa kumweka.

Ndipo nikaikumbuka beji ya baba.

Babu yako, marehemu, alikuwa mpimaji wa korosho kwenye ghala la Maneromango. Kila msimu alivaa koti moja na beji moja ya shaba, ukubwa wa shilingi, imechorwa mizani na korosho. Alipofariki, koti lililiwa na wadudu likatupwa, ikabaki beji, nayo nilikuwa nayo mimi kwenye mtoto wa meza ya cherehani. Imeingia weusi, na chini ya mizani kuna alama nyekundu imefifia. Nilidhani ni rangi ya kucha ya mama yako.

Nilimwonyesha Kondo. Aliisogeza juani, akaigeuza.

"Fundi, hii usiiguse. Ipige picha hivihivi ilivyo, na uchafu wake. Na usimpelekee mtu kabla hujaniuliza."

Mtu mwenye kifua kizuri angesikia ushauri. Mimi nilisikia kwamba Kondo anaitaka. Nilijisemea, anataka ionekane mbaya ili aichukue yeye. Yeye beji zake zinang'aa, za kwangu ziwe nyeusi?

Wiki hiyo kulikuwa na arusi kwa jirani, na mama yako alikuwa amekaa uani anasugua masinia ya shaba kwa ukwaju na majivu, kama tunavyofanya nyumba zote huku sinia likitaka kwenda kwenye shughuli. Alipomaliza nikachukua ukwaju uliobaki, nikachota majivu, nikakaa na beji ya baba. Nilisugua mpaka kidole kikauma. Ikatoka njano kama dhahabu. Ile alama nyekundu ikatoka na maji, nikaifurahia inavyokwenda.

Mama yako alinitazama. "Baba Rehema, ulivyoshikilia, utafikiri kesho unaoa wewe."

Nikairusha kundini. Watu watatu walijibu kwa vidole gumba tu. Lakini mmoja, Ndimbo wa Morogoro, akaniandikia pembeni, siyo kundini. Naye namtaja. Akasema atanipa beji tatu kwa hiyo moja, akatuma na picha: mojawapo ilikuwa ya kijani, ina ndege wawili wekundu. Wawili, mwanangu! Kondo ana mmoja. Mimi moyo wangu uliishia hapo kwenye hesabu ya ndege.

Kundini kulikuwa na utaratibu. Mgeni anatuma kwanza, mwenyeji anatuma akishapokea. Lakini huyo mwenyeji naye lazima awe na watu wawili wa kumsemea, waseme tulibadilishana naye na mzigo ukafika. Ndimbo hakuwa na wa kumsemea. Nililijua hilo. Kondo alishalisema kundini waziwazi, na ndiyo sababu hasa sikumwuliza. Sikutaka ajue nampita. Nikaifunga beji ya baba kwenye kipande cha kitambaa, nikaipeleka stendi ya Maili Moja, nikampa utingo wa basi la Morogoro.

Ndimbo alipokea siku ileile. Akakaa kimya siku nne. Halafu akaandika: "Kumbe umeisugua. Hizi zilikuwa na namba, yako haina. Nilidhani picha ndiyo mbaya. Siwezi kukupa zangu." Nikamwambia anirudishie. Akasema atairudisha akipata mtu wa kuja huku. Baada ya hapo, nikipiga hapokei, nikiandika hajibu.

Sikumwambia mtu. Nilishona suruali za shule nimeinamisha uso kama mtu mwenye jino bovu.

Mwezi ule tulikwenda Maneromango kumsomea baba dua. Shangazi Tausi, dada yake baba, alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele, na macho yake yalikuwa bado yanaona kuliko yangu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Ile beji ya kaka yangu umekuja nayo? Nataka niishike kidogo."

Nikamdanganya kwamba nimeiacha Kibaha, nikamwonyesha picha kwenye simu. Aliivuta simu karibu, akaisogeza mbali.

"Hii ya nani?"

"Ya baba, shangazi."

"Baba yako alikuwa kumi na nne. Kumi na nne iko wapi?"

Nikamweleza, niliisugua kwa ukwaju ili ing'ae.

"Nani alikwambia baba yako alikuwa anang'aa?"

Akaweka ungo chini. Akanieleza jambo ambalo baba mwenyewe hakupata kunieleza. Ghalani kila mpimaji alikuwa na namba, imeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye beji, ili mkulima akipunjwa ajue alipimiwa na nani akamshitaki. Wakulima walijua nani anakanyaga mizani kwa kidole cha mguu. Watu walikuwa wanakuja toka Kurui huko mbali, wanashinda na magunia yao kwenye foleni ya kumi na nne, mizani nyingine ziko wazi hazina mtu.

"Kaka yangu hakuacha shamba la maana, hakuacha nyumba ya bati," alisema. "Aliacha namba. Umeifutia nini? Nani alikuwa anakukimbiza?"

Nilishindwa kulitaja jina la Kondo mbele yake. Ningemwambiaje kwamba nimefuta kazi ya maisha ya kaka yake kwa sababu ya ndege wa bati?

Sasa njoo kwenye linaloniuma zaidi, maana hilo la ukwaju lilikuwa ujinga, na ujinga unasameheka. Kondo alisikia. Ndimbo mwenyewe alikuwa ameitangaza ile beji kundini, anatafuta wa kubadilishana naye; mimi siku hizo kundi nilikuwa silifungui kwa aibu, lakini Kondo akaitambua. Siku moja, saa nne asubuhi, akasimama mbele ya cherehani yangu.

"Fundi, nyoosha mkono."

"Nina kazi."

"Nyoosha mkono bwana, siyo jongoo!"

Akaniwekea beji ya baba kiganjani.

"Umeipataje?"

"Nilimwambia Ndimbo atume yeye kwanza. Mimi watu wa kunisemea ninao, akatuma."

"Ukampa nini?"

Akatazama pembeni. "Yule ndege."

Mwanangu, hapo ndipo mtu mzima alipaswa kusimama, amshike mwenzake mkono kwa mikono miwili, aseme ahsante ndugu yangu. Kitu pekee alichokuwa anasifiwa nacho alikitoa ili mimi nirudishiwe baba yangu. Nilijua hivyo palepale. Na wivu ukanipanda kuliko siku zote, kwa sababu sasa alikuwa amenizidi na kwa wema. Beji nzuri ningeweza kuitafuta. Wema ule ningeutafuta wapi?

Nikamwambia, "Kwa hiyo unataka nikupigie magoti? Ukaandike kundini umemwokoa fundi wako?"

"Mimi sijasema hivyo. Mzee wangu alikuwa anapimiwa na mzee wako, basi. Chukua, Fundi."

"Ondoka nayo. Imeshakuwa sinia, itakufaa wewe."

Nikamsukumia kwenye mfuko wa koti lake. Hakubishana. Alisimama kidogo, kama mtu anayengoja mvua ipungue, halafu akaenda zake. Makoti yake akaanza kuyapeleka kwa fundi mwingine, na mimi nikajitoa kundini.

Beji anayo mpaka leo. Dada yako ananionyesha kwenye simu yake: kila msimu wa korosho Kondo anairusha kundini, ameandika chini yake, "Beji namba kumi na nne, ya marehemu mzee Pazi, mpimaji wa haki, Maneromango. Namba ilifutika, mimi naikumbuka." Watu wanamwombea dua baba yangu, watu wa Mombasa ambao hawajui kwamba ana mtoto. Nasoma, nafurahi kwa baba, halafu nachukia kwamba furaha hiyo inatoka mkononi mwa Kondo.

Mwaka jana nilikwenda Kisarawe kumwomba anipe. Nilifika mpaka kwenye kibanda chake. Nikamkuta ameketi na wateja wanacheka, mvi zimemjaa, anaheshimika, wanamwita mzee Kondo. Nikasimama ng'ambo ya barabara, nimeshika kofia. Akaniona. Akainuka, akaniita kwa sauti, "Fundi! Karibu!" Na mimi nikageuka kama sikusikia, nikarudi Kibaha. Shangazi Tausi amefariki hajaishika ile beji. Hilo simwekei Kondo wala Ndimbo. Hilo ni langu, Jumanne Pazi, naandika na jina.

Basi ninachokuomba ni hiki. Ukipata beji ya zamani usiisugue, hata kama ya mwenzako inang'aa vipi. Kwanza waulize wazee alama zake maana yake nini. Piga picha ya mgongoni. Usimtumie mzigo mtu asiye na wa kumsemea, na akikuita pembeni mkaongee wawili, mrudishe palepale kwenye kundi watu wasikie. Kitu cha marehemu usikibadilishe, hata upewe ndege mia. Na yule aliyekutangulia, anayekwambia ngoja, usiguse, niulize kwanza, muulize. Inawezekana anakitamani kitu chako. Inawezekana pia anakupenda, na hutajua kama humwulizi.

Wivu utaupata, sitakudanganya, ninao mpaka sasa na nimeuzeekea. Ukikushika, kaa nao nyumbani kwako, usiutume uende kukufanyia kazi. Na siku mtu atakapokuja mlangoni na kitu chako ulichokipoteza kwa makosa yako mwenyewe, pokea. Uso ukiwaka aibu, pokea hivyohivyo. Sema ahsante hata kama inatoka kwa kukwaruza. Mimi neno hilo moja lilinishinda, na nimelipia kwa rafiki mmoja na shangazi mmoja.

Mungu akupe marafiki wa kukusemea, nawe uwe wa kuwasemea wao. Akuepushe na haraka, akujaze kifua kipana kuliko changu, na jina lako popote litakapotajwa, wewe uwepo uliitikie. Amina, mwanangu.