Kisanduku Kilichoandikwa "Hajulikani"

Mwamini Hussen wa Visiga alikuwa mtu wa kuamini karatasi. Miaka minane ya ukarani wa masjala katika ofisi moja ya Kibaha ilikuwa imemfundisha kwamba jalada halipotei. Limewekwa tu mahali ambapo mvivu hajatazama. Kwa hiyo siku alipoona tangazo la kozi ya utafiti wa nasaba, miezi mitatu, kila Jumamosi saa nne asubuhi kwa mkutano wa mtandaoni, alijiandikisha kabla chai yake haijapoa.

Mdogo wake Firdausi, aliyekuwa akiishi na baba yao na bibi yao kule Masaki, Kisarawe, alimcheka kwenye simu.

"Unalipia darasa ili umjue bibi yako? Njoo nikuoneshe bure, yuko hapa anamenya mihogo."

Mwalimu wa kozi, Bi Aneth, alikuwa na sauti ya taratibu na kanuni chache alizozirudia kila wiki. Anza na walio hai. Mrekodi mzee sauti na usimkatize. Kila uhusiano uwe na ushahidi wake. Na maelezo mawili yakigongana, usifute hata moja. Yaandike yote, kisha utafute sababu. Mwamini alizinakili kanuni hizo kwenye daftari kwa wino wa bluu, akazipigia mstari.

Darasani walikuwa thelathini na mmoja. Juma la kwanza Evodius, mzaliwa wa Bukoba aliyehamia Kibaha, alitaja mababu kumi na wawili kwa pumzi moja, kisha akauliza, "Na wewe dada wa Pwani, unao wangapi?"

"Ninaye mmoja," Mwamini alijibu, "na huyo mwenyewe simjui."

Watu walicheka, lakini hakuwa anatania. Babu yake, Pazi, alifariki mwaka 1994, yeye akiwa hajatimiza miaka miwili. Alichokuwa nacho ni picha moja iliyofifia na fahari ya baba yake. Mzee Hussen, mkulima wa mihogo na korosho, hakuwa mtu wa maneno mengi, ila mtu akimsifia uaminifu wake alijibu, "Mimi mtoto wa Pazi," kana kwamba hilo lilimaliza mjadala. Kila baada ya sala ya Ijumaa alikaa barazani kwake akamwombea baba yake: Mola amrehemu Pazi bin Badru. Hakuacha hata wiki moja, tangu mazishi.

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa kuonesha mti wa vizazi vinne mbele ya darasa zima, na jamaa wa kila mwanafunzi walikaribishwa kutazama. Mwamini aliwaalika baba yake na Bibi Sikuzani. Firdausi angewashikia simu. Mzee Hussen alishawaambia wenzake msikitini kwamba Jumamosi ile jina la baba yake litaonekana mpaka Bukoba.

Bibi Sikuzani alikuwa amesharekodiwa miezi miwili nyuma. Umri wake ulikaribia tisini, na alimwita mjukuu wake "mke mwenzangu", kwa ule utani wa bibi na mjukuu wanaogombania babu mmoja. Alizungumza saa nzima. Katikati ya mazungumzo alisema: "Pazi nilimzika mvua za vuli zinaanza, nikalia mpaka sauti ikakauka. Kisha Pazi akanioa, nikamzaa baba yako." Mwamini alipokuwa anayaandika maneno hayo aliona wazi kwamba umri umemchanganya bibi. Kwa heshima, ili wageni wasimcheke, aliifuta sentensi ya kwanza. Ilikuwa sentensi moja tu.

Alhamisi, siku mbili kabla ya mkutano, Seif alimpigia simu. Seif alikuwa mwalimu wa madrasa Masaki, kijana wa rika lake, na Mwamini alikuwa amemwomba atafute tarehe ya kuzikwa kwa babu katika madaftari ya marehemu babu yake, ambaye aliandika mazishi yote ya pale kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu.

"Nimempata Pazi wako," Seif alisema. "Ila mwaka sio ule ulioniambia, daftari la mwaka ule sijaliona. Nikusomee?"

"Soma."

"Amezikwa leo Ijumaa Pazi bin Badru, mwezi wa kumi na moja, mwaka elfu moja mia tisa sitini na mbili. Ameacha mjane, Sikuzani, na mtoto mmoja, Badru."

Badru alikuwa baba mkubwa wa Mwamini, kaka yake Mzee Hussen, anayeishi Soga. Mtoto mmoja. Mwamini alivuta jalada lake, akaitazama kadi ya kuzaliwa ya baba yake: 1965.

"Soma tena, Seif."

"Dada, nimesoma mara tatu. Maneno hayabadiliki."

Alikaa kwenye kiti cha ofisi bila kujua amekaa saa ngapi. Mtu alikuja kuulizia barua, akajibiwa, akaondoka, na baadaye Mwamini hakumkumbuka sura. Pazi alikufa mwaka 1962. Baba yake alizaliwa miaka mitatu baadaye. Na bado kulikuwa na mtu aliyeitwa Pazi, aliyeishi na Bibi Sikuzani, aliyemfundisha Mzee Hussen kupalilia na kusali, akafa mwaka 1994. Mtu yule alikuwa nani?

Mtu mwingine angeweza kufikiri mengi. Karani wa masjala alifikiri jambo moja. Alikuwa ameona majalada ya watu walioajiriwa kwa vyeti vya wengine, hata vya waliokwisha kufa. Mtu anaitwa jina kwa miaka ishirini, mpaka siku ya uhakiki inakuta mwenye jina yuko kaburini. Babu yake alikuwa mmoja wao. Alivaa jina la maiti, akachukua na mjane.

Mwisho wa kutuma kazi ulikuwa jioni ile ile. Kila uhusiano uwe na ushahidi wake. Mwamini alifungua mti wake, akaenda kwenye kisanduku kilicho juu ya jina la baba yake, akafuta "Pazi bin Badru", akaandika "Hajulikani". Akatuma.

Alipofika nyumbani Visiga ndipo lilipomjia jambo la pili. Jumamosi saa nne baba yake angekuwa mbele ya simu, amevaa kanzu, akisubiri kuliona jina la baba yake.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini, akaenda Kisarawe, na kutoka pale akachukua bodaboda hadi Masaki. Aliwakuta barazani. Mzee Hussen alikuwa ametoka msikitini na kofia yake bado kichwani, Bibi Sikuzani anamenya mihogo, Firdausi anachambua mchele.

"Huyo mtangazaji kaja," Firdausi alisema. "Mkutano si kesho? Au mmefukuzwa wote?"

Mwamini hakucheka. Aliwaamkia wakubwa shikamoo, wakaitikia, akakaa chini karibu na baba yake, akaeleza yote: daftari, mwaka, kadi, kisanduku. Aliyasema kwa haraka, kama mtu anayetoa mwiba.

Mzee Hussen alimgeukia.

"Unasema baba yangu alikuwa mwizi wa jina."

"Sijasema mwizi, baba."

"Umeandika nini pale?"

"Hajulikani."

Alivua kofia yake, akaiweka gotini. "Nimemwosha kwa mikono hii," alisema polepole. "Nimeingia kaburini, nimempokea, nimemlaza. Leo mwanangu ananiambia hajulikani."

Firdausi aliacha mchele. Hapakuwa na mtu wa kumtazama mwenzake. Aliyeendelea na kazi ni Bibi Sikuzani peke yake. Alimaliza muhogo wake, akauweka kwenye sufuria, akasema bila kuinua macho:

"Mke mwenzangu, si nilikwambia? Kile kidude chako kinawaka taa nyekundu, nikasema nimemzika Pazi, kisha nikaolewa na Pazi. Ukaitikia, ehe bibi, ehe bibi."

"Bibi, mimi nilidhani..."

"Ulidhani nimerukwa na akili. Sema tu."

Mwamini aliinamisha kichwa. Aliiona ile sentensi aliyoifuta, na kanuni iliyopigiwa mstari wa bluu.

"Pazi niliyeolewa naye kigori alikufa kweli," bibi aliendelea. "Siku ya arobaini yake wakatandika mkeka, wakamkalisha kijana wa dada yake. Wakamvika kofia ya mjomba wake, wakampa mkongojo wake, wakamwambia, kuanzia leo wewe ndiye Pazi. Ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Badru alikuwa na miaka tisa. Akaletwa, akaambiwa, msalimie baba yako. Nilipotoka eda, mwaka ukapita, akanioa. Hakuiba kitu. Alipewa mbele ya watu."

"Kurithi jina nakujua," Mzee Hussen alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayesikia nyumba yake mwenyewe ikisimuliwa kama ya jirani. "Nimeona wengine wakirithi. Lakini sikujua kuwa baba alirithi. Mbona hamkuniambia?"

"Tukwambie nini? Ulizaliwa ukamkuta Pazi."

"Na kabla ya hapo aliitwaje?"

Kisu cha bibi kilisimama. "Hilo halitajwi. Ukishakaa mkekani, jina la zamani unaliacha pale. Ukilitaja ni kama kumwambia marehemu hana mtu."

Mzee Hussen alichukua simu yake, akampigia kaka yake Soga, akaiweka sauti kubwa. Baada ya salamu za haraka alisema, "Kaka, ulijua kwamba baba yetu si mmoja?"

Firdausi alichungulia kuona kama simu imekatika.

"Nilijua," Badru alijibu hatimaye. "Nilimzika baba nikiwa na miaka tisa, na siku ya arobaini nikapewa baba ambaye jina lake la zamani sikuwahi kulijua. Alinipeleka shule. Aliniozesha. Ulipozaliwa alinipakata mimi kwanza, ndipo akakupakata wewe, ili nisione nimewekwa kando. Ningekuja kukwambia nini, Hussen? Kwamba baba ni wako zaidi kuliko alivyo wangu?"

Mzee Hussen alifuta uso kwa kiganja. Alikuwa na miaka sitini na hakuwa amewahi kulia mbele ya binti zake, na hata sasa hakulia; alipumua tu kwa shida, kama aliyebeba gunia la muhogo mlimani. Kisha jambo jingine likampata, na Mwamini aliliona likimpata, kwa jinsi macho yalivyomtoka.

"Miaka thelathini," alisema. "Miaka thelathini, kila Ijumaa, namwombea Pazi bin Badru. Huyo ni baba yako wewe, kaka. Baba yangu sijamtaja kwa Mola wake hata siku moja."

"Mungu anajua, baba, nani ulimkusudia," Firdausi alijaribu.

"Mungu anajua. Mimi ndiye sijui." Alimgeukia mama yake. "Mama, nakuomba. Kesho mtoto ataandika atakachoandika, sijali Bukoba wala Kibaha. Nataka kumtaja baba yangu kabla jua halijazama."

Bibi Sikuzani alitikisa kichwa. Midomo yake ilikuwa imebana. Mwamini alitambua, kwa mshtuko uliozidi yote ya jana na leo, kwamba bibi yake alikuwa mtu pekee aliye hai aliyelishika jina lile kinywani kwa zaidi ya miaka sitini bila kulitoa, na kwamba angeweza kufa nalo wiki hii, na kisanduku kingebaki kama kilivyo.

Sauti ya Badru ikatoka tena kwenye simu.

"Mama. Mwambie. Baba yangu ana mtu. Mimi ndiye mtu wake, na nimeridhia. Kama kuna lawama, iwe juu yangu."

Bibi alikitazama kile chombo kilichokuwa kikisema kwa sauti ya mwanawe wa kwanza. Aliweka kisu chini. Alipangusa mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Zahoro," alisema. "Zahoro bin Hussen."

"Hussen?" Mzee Hussen aliuliza.

"Wewe ulidhani jina lako tuliliokota? Alisema, kama langu nimeliacha, la baba yangu nalipa mtoto. Nikamkubalia."

Mwamini alimwandikia Bi Aneth kwa simu, akimwomba asiifungue kazi ile, na kukiri kwamba kosa ni lake mwenyewe: alifuta maneno ya shahidi kwa kumwona mzee aliyechanganyikiwa. Jibu lilirudi fupi. Atume upya kabla ya saa tatu asubuhi, na aeleze alichofuta na kwa nini. Alifungua mti palepale barazani. Juu ya jina la baba mkubwa aliweka kisanduku cha Pazi bin Badru, aliyefariki 1962. Juu ya jina la baba yake alifuta "Hajulikani", akaandika Zahoro bin Hussen, aliyeitwa Pazi tangu 1962 hadi alipofariki 1994, kwa ushahidi wa mkewe Sikuzani na mwanawe Badru. Aliusoma kwa sauti. Hakuna aliyesahihisha.

Mzee Hussen hakuangalia skrini. Alirudisha kofia kichwani, akainua viganja, na wote wakainua vyao, na simu ya Soga ikiwa bado wazi. Alianza kwa utaratibu wake wa siku zote, maneno yakienda yenyewe, mpaka alipofika mahali pa jina. Pale alisimama. Alimtaja kwanza Pazi bin Badru, kwa sababu naye alikuwa baba wa kaka yake. Kisha akasema, kwa kusitasita, kama mwanafunzi anayesomeshwa herufi mpya, "na Zahoro bin Hussen," akamtazama mama yake kuhakikisha kama amelisema sawasawa.

"Eee," bibi akasema. "Ndiye huyo."