Mgeni wa Alhamisi

Dada anayechagua wageni wa kipindi chetu cha usiku huketi meza ya pili kutoka yangu, simu ameibana begani, mikono inamenya chungwa. Hamuulizi mtu sifa zake. Humuuliza kwa sauti ya shangazi mpole, “Mara ya mwisho uliaibika lini?” Anayejibu kwamba hajawahi kuaibika hukatwa jina papo hapo. Juzi alikuwa akimtafuta mwimbaji ambaye bosi alimtaka kwa udi na uvumba, akakosea namba, simu ikapokewa na fundi cherehani. Akauliza vilevile.

“Wee, mwanangu!” fundi akaangua kicheko. “Nilimshonea bwana harusi suruali yenye miguu miwili ya kushoto. Akaivaa hivyo hivyo, maana gari lilikuwa linapiga honi nje!”

Dada akaliacha chungwa, akafuta machozi kwa kiwiko. “Njoo Alhamisi, mama.”

Bosi alipoiona orodha akafoka, “Fundi cherehani? Mwimbaji wangu yuko wapi?”

“Hapatikani, bosi,” alijibu kwa macho makavu, huku kidole kikizima simu yake iliyokuwa ikiita mezani, jina la meneja wa mwimbaji limejaa kwenye kioo.