Uji Ulionifuata Bugarama

Kosa langu ni uongo, nami ndiye ninayewafundisha vijana wa kipaimara pale Ushirombo kwamba hakuna uongo mdogo.

Nilikwenda kijiji kimoja karibu na Bugarama kumposea mwanangu. Wenyeji wakaandaa ugali wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, na mlenda. Tangu utotoni mlenda hunitia kichefuchefu, lakini badala ya kukiri hivyo, nikashika tumbo.

"Mnisamehe, nina vidonda vya tumbo."

Baba wa binti akaniondolea sahani. "Asiyeonja chakula chetu atakuwaje ndugu yetu? Tutafikiri."

Niliondoka nikijua kwamba posa imeyumba, na njaa ikinisokota. Stendi ya Bugarama nikaagiza chipsi na mishkaki, nikamwagia pilipili bila huruma. Nilikuwa nimejaza mashavu pikipiki iliposimama mbele yangu. Akashuka mama wa binti, mkononi ana chupa ya uji wa mtama.

"Nimekukimbilia, Mwalimu. Mwenye vidonda hasafiri na njaa." Macho yake yakatua kwenye sahani. "Kumbe vimepona njiani!"

Simu yake ikaita; alikuwa mumewe. Akajibu huku amenikazia macho: "Nimemkuta, Baba Kulwa. Anaumwa kweli, masikini. Usimnyime kijana mke kwa hilo."

Niliunywa uji wote mbele yake huku machozi yakinitoka, na sithubutu kusema kwamba yalikuwa ya pilipili tu. Uongo ninaoukemea kila Jumamosi ndio uliomwokoa mwanangu, na aliyelazimika kuusema kwa ajili yangu ni Mama Kulwa.