Jiwe la Tatu

Wahid aliandikwa kazi ya udereva, lakini gari lenyewe lilikuwa likilala kuliko yeye. Bwana wa nyumba alikuwa mtu wa safari, leo Doha kesho Singapore, na Madam, mama wa Kimarekani aliyekwisha kuota mvi, hakuwa na haja ya kutoka nje kwenye jua la Dubai. Alikuwa na shughuli yake iliyomkalisha ndani kutwa. Alikuwa akitafuta wafu, na si wafu wa jana na juzi. Alitafuta wazee wa wazee wake, waliotoka Uingereza wakaingia Amerika kabla nchi hiyo haijawa nchi, wakahangaika na mashamba yenye mawe huko Connecticut, wakafa, wakazikwa. Madam aliwataka wote, kwa majina na kwa tarehe.

Macho yake yalikuwa yameanza kumsumbua, kwa hiyo alimwita Wahid akae naye mezani amsomee picha. Kuna watu huko Marekani, sijui riziki yao wanaitafuta saa ngapi, ambao kazi yao ni kuingia makaburini, kupiga picha mawe ya kale na kuyatia mtandaoni ili wenye watu wao wawapate. Mawe yenyewe meusi, na juu yake pamechongwa fuvu la kichwa lenye mabawa. Wahid, kijana wa Kisauni ya Mombasa aliyepita chuo cha Kurani kwa bakora, alisema astaghafiru kimoyomoyo siku ya kwanza. Siku zilivyokwenda akazoea. Akajua kuikuza picha, kuyafuata maandishi yaliyoliwa na mvua, na kulinganisha jina la kwenye jiwe na jina lililoandikwa kanisani.

"Jiwe peke yake halitoshi," Madam alimwambia kila mara. "Nani amesema ni yeye? Huyo aliyesema, alikuwepo?"

Wahid alikuwa akimcheka mbali naye. Jioni akirudi Discovery Gardens, kwenye chumba alichokaa pamoja na Munir, alimsimulia vituko vya siku hiyo. Mtu mzima na akili zake, ana dada yake wa tumbo moja hawasemezani, lakini anaweza kukesha akimlilia babu aliyekufa kabla ya cherehani kuletwa duniani! Munir, Mzanzibari mpole asiyependa kumsema mtu, alikuwa akitabasamu tu na kuendelea kukoroga chai yake. Wahid yeye alijiona ana bahati. Maiti wake alikuwa mmoja, na alijua alipolala.

Huyo maiti ni kaka yake, Aboud. Alikuwa akipiga magari rangi kwenye gereji moja ya Al Quoz, na alikaa chumba hichohicho na Munir huyohuyo. Siku moja alirudi kutoka zamu, akasema kichwa kinamgonga, akajilaza, na hakuamka tena. Simu ilipopigwa Kisauni kuulizwa kama maiti asafirishwe, mama yao, Bi Masuda, ndiye aliyejibu. Alisema maiti hacheleweshwi, mzikeni hukohuko. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na hapakuwa na aliyempinga. Lakini tangu siku ile hakupata usingizi wa raha. Aliona kama amemkataa mwanawe mlangoni.

Wahid alipopata viza na kuja Dubai baada ya miezi kadhaa, jambo la kwanza alilolitaka ni kaburi. Munir akampeleka. Makaburi yale hayana majina wala mapambo, ni matuta ya mchanga na mawe yaliyosimamishwa, safu baada ya safu hadi ukutani. Munir alitembea mbele kimya, akageuka hapa, akageuka pale, kisha akasimama na kunyoosha mkono. "Huyu hapa ndugu yako." Wahid alipiga magoti akalia mpaka kamasi zikamtoka. Kisha akapiga picha, akaituma nyumbani.

Bi Masuda aliipeleka picha ile kusafishwa kwa mpiga picha wa Mombasa, ikatiwa fremu, ikatundikwa ukumbini. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa alikaa mbele yake akasoma Yasini. Aliyajua mawe yale kama anavyoyajua mafiga ya jikoni kwake: moja kichwani, moja miguuni, na moja dogo katikati. Hilo la katikati ndilo alilolipenda. Alisema kuna mtu mwema alimwekea Aboud tumboni, kama mtu anavyomfunika mtoto asipigwe na baridi. Wahid naye kila Ijumaa ya nafasi alikwenda, akamwagia maji, akaomba dua, kisha akaketi kumpa kaka yake habari. Alimweleza alipooa. Alimweleza alipozaliwa mtoto. Mambo mengine ya moyoni, ambayo hakuyasema kwa mke wala kwa mama, aliyasema pale.

Basi mwaka huu mama akasema anakuja. Figo zake zilikuwa zimechoka na daktari alishaanza kuzungumza naye kwa upole mno, na yeye si mtoto, alielewa. Alitaka jambo moja tu kabla ya siku zake kwisha, akae kwenye kaburi la mwanawe amwombe radhi. Ndugu wakachangishana, viza ya matembezi ikatoka, tikiti ikakatwa.

Wiki iliyotangulia safari hiyo, Wahid alimkuta Madam mezani analia. Miaka na miaka alikuwa amemjenga babu mmoja, Josiah fulani, kwenye jiwe zuri kuliko mengine yote. Ukoo mzima aliupitisha kwake. Alikuwa hata amesafiri kwenda kuligusa jiwe hilo kwa mkono. Sasa ukurasa wa kanisa ulikuwa umepatikana, na ukurasa ulisema Josiah wa jiwe lile alikufa kijana, hakuoa, hakuzaa. Josiah wa Madam alikuwa mwingine, binamu wa jina moja, na huyo hana jiwe popote. Mama yule alijifuta machozi, akavuta kompyuta, akaanza kuwafuta mmoja mmoja. Mababu, mabibi, wote waliopitia mlango ule, wakatoka.

"Si ungewaacha tu, Madam?" Wahid alimwambia kwa huruma. "Nani atajua?"

Madam alimgeukia kwa hasira. "Anayeweka jiwe mahali pasipo pake, Wahid, anamdanganya mtu ambaye hajazaliwa bado. Nimefuata uongo wa namna hiyo nusu ya maisha yangu."

Labda kwa kutaka kumtuliza, au kwa kuwa safari ya mama ilikuwa imemjaa moyoni, Wahid alitoa simu yake akamwonyesha picha ya kaburi la Aboud. Madam aliishika karibu na pua, akaikuza, akaisogeza huku na huku. Hakusema pole. Mwanamke yule ugonjwa wake ulikuwa umemkolea.

"Mbona hili lina mawe matatu?" aliuliza. "Haya ya pembeni yana mawili."

Wahid alisema kuna mtu mwema aliliongeza.

"Nani? Alikuwepo?"

Alitamani amjibu vibaya. Akairudisha simu mfukoni, akaenda kuosha gari lililokwisha kuoshwa. Lakini neno lilikuwa limeshamwingia, na Ijumaa alipofika makaburini, kwa mara ya kwanza katika miaka yote hakuangalia kaburi la kaka yake. Aliangalia ya wenzake. Mawili, mawili, mawili. Matatu. Mawili. Akamfuata Yaarub, mzee wa asili ya Unguja aliyekuwa akisaidia pale kuchota maji na kuchimba, mtu mkali asiyependa maswali.

"Mzee wangu, shikamoo. Hili jiwe la katikati ni la nini?"

"Marahaba. La nini vipi? Huyo mwanamke, bwana." Yaarub hakusimama. "Wa kiume mawili, wa kike matatu. Ndivyo tunavyoweka huku. Kwani wewe umekuja kumzuru nani?"

Kwao Kisauni kaburi hupigiwa kibao cha jina, na aliyekufa anajulikana kwa kusomwa. Jambo la kuhesabu mawe Wahid hakulijua, wala mama yake, wala Munir. Alisimama pale jua limemwangukia utosini. Habari zote zile alizomweleza kaka yake, siri zote zile, zilikuwa zimemwagwa juu ya mwanamke wa watu. Aliona aibu, kisha uchungu, kisha hasira, na hasira ndiyo iliyomfikisha nyumbani.

Munir hakukana. Alikaa kitandani, mikono magotini.

"Sikuwepo," alisema. "Maiti walimtoa hospitali asubuhi, wakamsalia, wakamzika. Arbab, tajiri wangu wa kazini, hakunipa ruhusa. Nilimwomba, akasema yalla, kazini."

"Sasa mbona ulinionyesha kaburi?"

"Ungeniona wewe siku ile, Wahid! Umetoka uwanja wa ndege hata begi hujalitua, waniuliza ndugu yangu yuko wapi. Ningekwambia nini? Ningekwambia sijui?" Akatikisa kichwa. "Nilitembea mle ndani nikitarajia utachoka uniambie basi. Hukuchoka. Nikanyoosha mkono."

Wahid alimtukana. Alimwita mwongo, alimwita mwizi wa maiti, alimwambia asimwite ndugu tena mpaka kiama. Usiku ule kila mmoja alilala amegeukia ukuta wake.

Siku zilizobaki Wahid alizimaliza akikimbia. Yaarub alimwambia alete karatasi ya maziko, namba iko humo. Karatasi ilibaki kwa arbab wa Aboud, na gereji ilikuwa imefungwa zamani, pamekuwa ghala la matairi, na arbab hakuna aliyejua aliko. Akamrudia Yaarub. Mzee yule, kwa ukali wake wote, alikuna kichwa akatembea naye hadi karibu na ukuta. Waliotoka hospitali msimu ule wa joto, alisema, walilazwa kwenye safu hii, wanaume hapa, kutoka hapa mpaka pale. Namba zilikuwa zimeandikwa kwa rangi, na jua limezila. "Yumo humu humu," alisema. "Mwombee wote, khalas."

Wahid alinuia kumweleza mama. Nasema hivi ili asionewe, kwa maana nia hiyo alikuwa nayo kweli. Alinuia kumweleza uwanja wa ndege, akamwona anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu, amepungua nusu, akaahirisha. Alinuia kumweleza kwenye gari. Bi Masuda alikuwa amevaa buibui jipya, ameshika msahafu na chupa ya maji ya Kisauni aliyokuja nayo ndani ya mzigo, na njia nzima alikuwa akitembeza midomo akipanga maneno atakayomwambia Aboud. Nani angemkatiza?

Yaarub alinung'unika kuona mwanamke, maana wanawake hawaingizwi mle, akatazama ile miguu iliyovimba, akawafungulia lango.

Waliingia polepole, mama amemwegemea. Wahid hakumpeleka kwa yule mwanamke. Hilo moyo ulilikataa. Alimpeleka kwenye safu ya ukutani, na alipofika aliufungua mdomo wake kusema, mama, imetokea hivi na hivi.

"Yuko wapi?" Bi Masuda aliuliza. Aliuliza kwa sauti ndogo, macho yamemtoka. "Wahid, baba, mwanangu yuko wapi?"

Mkono wa Wahid ukanyooka. Hata yeye aliuona ukinyooka. "Huyu hapa, mama."

Mama akashuka chini kama nguo. Alilia, akasoma, akamwaga maji, akaomba radhi kwa neno lile moja alilolisema kwenye simu. Wahid alisimama nyuma yake na hapo ndipo alipomkumbuka Munir, na hasira yote ikamtoka ikabaki huzuni tupu.

Bi Masuda alipomaliza alipangusa uso, akatazama kaburi vizuri. Mwili ulikuwa umechoka lakini macho yake hayakuwa na kasoro.

"Mbona mawili?" alisema. "Lile la katikati liko wapi?"

Wahid alitazama ukutani. "Labda limeondoka, mama. Upepo. Watu wanapita."

"Mwanangu amefunuliwa miaka yote hii na wewe hukuniambia?" Mama alikuwa ameanza kutambaa, akipapasa mchangani, na kabla Wahid hajamzuia alikuwa amepata jiwe dogo kando ya ukuta. Akalifuta kwa ncha ya buibui. Akalibusu. Akalichimbia katikati ya tuta kwa vidole vyake viwili vitatu vyenye nguvu, akalikandamiza mpaka likasimama.

Wahid aliyasikia maneno ya Madam masikioni mwake, neno kwa neno. Alijua afanye nini. Ilikuwa kusema tu, mama, liondoe.

"Sasa amepata kujifunika," Bi Masuda alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Aboud afe uso wake ulikuwa umetulia. "Mpige picha nyingine, ile ya ukumbini imefifia."

Akapiga picha. Alipiga vizuri, mawe yote matatu yakaonekana. Alikuwa akimfikiria mtu mwingine, ndugu wa huyo aliyelala pale, anayeweza kuja siku moja na karatasi yake mkononi kutoka Lahore au Khartoum au Kisauni hiyohiyo, akaulizia safu ya ukutani. Naye Yaarub, au mwingine atakayekuwa amekaa mahali pake, atapita na ndoo ya maji bila kusimama, amwambie, "Huyo mwanamke, bwana." Na mtu yule atageuka aende zake.