Makalio Saba ya Babu

Hili nawasimulia nyinyi tu, na hata nyinyi naona haya kuwatazama usoni.

Ilikuwa siku ya familia kutambulishana, ukumbi wa kanisa letu huku Downsview, binti ya kaka yangu, Neema, anaolewa na kijana wa Kiaustralia, na mkubwa wa upande wao alikuwa babu ya kijana, mzee wa karibu miaka tisini aliyecheza mpira wa kwao zamani (ule wa umbo la yai, unaodakwa na kupigwa teke), akaja na suti na hotuba aliyoiandika kwa ajili ya mama yangu hasa, maana mama katoka Kitale na Kiingereza hajui. Mkalimani wa kanisa alikuwepo, lakini mimi na kiherehere changu nikasimama: "Kaa tu, ndugu, hii naimudu." (Miaka kumi na minne Kanada, nishindwe na habari za mpira?)

Mzee akaanza vizuri, misimu tisa uwanjani, goti likaharibika. Alipofika kwenye fainali yake ya mwisho sauti ikapungua, akasema siku hiyo alipiga "behind" saba. Mimi behind ninayoijua ni ile tunayokalia, na badala ya kumuuliza nikatangaza kama mhubiri, "Siku hiyo aliwapiga watu mateke, makalio saba!"

Watu walivunjika mbavu. Mama alicheka hadi machozi, "Huyu mzee ni mkorofi, jamani!" nami nikanogewa, nikaonyesha na teke lenyewe. Mzee akatutazama, akakunja karatasi, akasema asante, akakaa.

Neema akanifuata jikoni analia. "Anko, behind ni mpira ukikosa goli, ukapita pembeni. Alikosa mara saba, wakashindwa. Anadhani tumemcheka kwa hilo."

Nilipokimbilia ukumbini alikuwa ameshaondoka, karatasi iko kitini. Kumbe hotuba ilimhusu marehemu mkewe: jioni ile ya fainali mke alimngoja getini, hakuuliza habari ya mpira, aliuliza tu kama amekula. Mwishoni ameandika kwamba mjukuu wake naye amempata wa namna hiyo.

Jumapili nilimfuata kwake Markham, nikamwomba radhi, nikamrudishia karatasi, nikamsihi aje aisome upya. Alinimiminia chai, hakunigombeza (afadhali angenigombeza). "Kaa nayo," akasema. "Ilikuwa ya siku ile."

Ukalimani nimeapa kuuacha. Ila hiyo karatasi nimeitafsiri yote, polepole, kwa ajili ya mama, ambaye mpaka leo anamwita babu wa makalio, kwa upendo kabisa. Kila nikimpigia mama simu Kitale naiweka mbele yangu nimsomee, kisha tunazungumzia mvua.