Ng'ombe Aliyepona Bila Kovu

Bariadi nzima hakuna mwanamke anayewajua ng'ombe wake kama mimi. Hata gizani nawajua.

Haya, msicheke. Nilikuwa na ng'ombe mmoja. Lakini kujua ni kujua!

Na huyo mmoja, siku moja nilimkumbatia shingo uani, halafu nikamsikia analia kutoka ndani ya stoo iliyofungwa.

Ilikuwa enzi za soko huria. Kila mtu ananunua pamba, kila mtu anazungushia uzio. Ng'ombe wangu, Pamba, akapita palepale alipozoea kupita, akakuta seng'enge za mnunuzi mpya. Akarudi paja limechanika, nyama inaning'inia.

Maziwa yake ndiyo yaliyokuwa yananiweka mjini. Akifa, mimi na ndama wake tutabaki kutazamana.

Anatoli, mtoto wa kaka yangu, alikuwa karudi kutoka kusoma Ulaya. Kiingereza kinamtoka mpaka puani.

"Shangazi, usimchinje. Nitamponya."

"Kwa sindano?"

"Kwa ngozi ya sangara."

Nikajisemea, watoto wa wenzangu wanarudi na digrii, wa kwetu karudi na samaki.

Kumbe viwanda vya Mwanza vilikuwa vinachukua minofu, ngozi zinabaki. Anatoli akaziloweka kwenye madawa yake, akapata kitu kama sponji nyembamba.

"Mwili umejengwa kwa seli, shangazi, vitu vidogo mno, huvioni. Za pembeni ya kidonda zitahamia humu zijenge nyama mpya. Ila zinapapasa kwanza. Zikikuta pagumu, hapana vitundu, zinajikunja na kugoma. Zikikuta laini, zinajinyoosha na kuzaana."

"Kama mgeni na godoro."

"Kama mgeni na godoro," akakubali, ila uso ukamkunjamana.

Akabandika vipande viwili kwenye lile paja. Kimoja laini. Kingine alikuwa kakikaza kwa dawa mpaka kimekuwa kama soli ya kiatu. Hicho kigumu ndicho alichokisifia.

"Hiki ndicho kitakachonipa jina!"

Akamchukua Pamba kwake. Akanikataza kumpeleka ndama, eti atalamba dawa. Kila nikienda kumwona naambiwa, "Anapumzika, shangazi."

Ng'ombe! Anapumzika kama diwani.

Kisha akaja Daktari Faraja, mama mmoja wa chuo kikuu kutoka Dar. Akiridhika, Anatoli anapewa maabara. Majirani tukajaa uani kwa Anatoli.

Anatoli akamtoa ng'ombe. Mweupe, pembe imeinama, paja safi kabisa!

Nikapiga vigelegele. Nikamkumbatia shingo, nikalia mpaka kanga ikalowa.

Daktari akainama, akapapasa. "Hata kovu hakuna?"

"Hakuna," akasema Anatoli. "Na manyoya yameota."

"Mama, una hakika ndiye huyu?"

"Mimi? Hata gizani!" Nikamgeukia jirani yangu. "Milembe, hebu kamlete ndama amsalimie mama yake."

"Si lazima, shangazi," Anatoli akadakia. "Ndama ana..."

"Ana nini?"

Milembe alishaondoka.

Ndama akaja mbio. Akamnusa yule ng'ombe. Akala teke. Akarudi nyuma, akalia kwa uchungu.

Stoo ikamjibu.

Mooo!

Anatoli akaanza kukohoa kama anayetaka kufunika sauti ya ng'ombe kwa kikohozi. Milembe akasukuma komeo.

Pamba wangu huyo! Mzima, anatafuna mabua. Kwenye kipande laini, nyama mpya imejaa, na ngozi changa inatambaa juu yake. Kwenye kile kigumu, kiraka kimejikunja, mwili umekizungushia kovu na kukisukuma pembeni kama shemeji asiyetakiwa.

Daktari akapiga magoti kwenye mavi na gauni lake la safari.

"Hii ndiyo kazi!" akasema. "Paja moja, seli zimechagua zenyewe upande wa kukaa. Hiki ndicho nilichokifuata. Ulikificha kwa nini?"

"Nusu imeshindwa, Daktari."

"Nusu iliyoshindwa ndiyo inatufundisha. Na yule wa nje ni nani?"

Anatoli akajikuna kisogo. "Yule ni... dada yake."

"Dada yake wa wapi?"

"Wa mnadani."

Watu walicheka mpaka ndama akashtuka, akaacha kunyonya.

Basi nyie mnaonisoma kwenye simu, chukueni hili. Seli haiulizi umesoma wapi. Ndama haogopi mgeni wa Dar. Wote wananusa kwanza ndipo wanakaa. Sisi wenye akili tunakumbatia kwanza.

Jioni namrudisha Pamba nyumbani, Milembe kamshika ndama. Nikaona nisipoteze heshima yangu njiani.

"Mimi nilijua tangu mwanzo si yeye," nikamwambia. "Nilikuwa nampima tu Anatoli."

Milembe akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Sawa, mayu, mama yangu. Basi kaifue hiyo kanga. Bado ina machozi uliyomlilia ng'ombe wa mnadani."