Kilichoumua Mkate wa Bibi Biasha

Ilikuwa mwaka 1967. Hapana, nimekosea, ni mwishoni mwa 66, maana mfungo ule ulikuja na mvua, na ulanzi, ile pombe ya mwanzi, ulikuwa umeanza kugemwa.

Bibi Biasha alitoka Tunduru akapanga chumba hapa Majengo. Aliuza mkate wa kumimina, ule wa mchele, unaonukia iliki. Mtaa mzima tulifuturu kwa mkate wake. Siku hizi bodaboda wanatuletea mikate ya mashine, ukiibonyeza hairudi. Haya, niendelee.

Asubuhi moja nilimwona anatoka uani kwa Mama Benigna, muuza ulanzi. Ndani ya khanga amebana kipande cha mwanzi kilichozibwa kwa jani la mgomba. Ulanzi ndivyo unavyobebwa. Nikakimbia kumwambia mama. Utoto.

Mama akachukua mkate wa jana, akaunusa. "Ndiyo maana unaumuka hivi! Kumbe tunafungulia pombe!"

Jioni wanawake wakamzunguka Bibi Biasha jikoni kwake.

"Shikamoo, Bibi. Mkate unauumulia nini?"

"Marahaba. Hamira, wanangu."

"Hamira ya dukani, au ya kwa Benigna?" mama akauliza. Wakacheka, kicheko kibaya.

"Mimi nimeanza kufunga wewe hujazaliwa," Bibi Biasha akasema, akaendelea kupuliza moto. Hakukana, hakukubali.

Tangu siku hiyo mikate ikamlalia kwenye sinia. Hata wiki mbili hazikuisha, akafunga mizigo apande lori la Tunduru. Nilikuwa nimesimama barabarani. Akanipa kipande. "Chukua, Bakili." Nikakinusa kwanza. Aliniona nikinusa. Mpaka leo macho yale ninayo.

Idi ikafika. Mama akapika mkate wa kumimina mwenyewe. Miaka yote ulikuwa unamshinda, unatoka bapa kama kandambili. Siku hiyo uliumuka mpaka ukasukuma mfuniko. Wenzake wakala, wakajilamba vidole. "Wewe, umempita hata Biasha!" Mama akacheka, akaangalia chini.

Nikatumwa kisu jikoni. Nyuma ya mtungi nikaona kipande cha mwanzi, kimezibwa kwa jani la mgomba, jani bado bichi. Wageni walipoondoka, nikakitoa mbele ya mama. Akaninyang'anya, akaingia ndani. Nilimuuliza siku ile, nikamuuliza nikiwa mtu mzima, na tulimzika hajanijibu:

"Mama, huu mwanzi umeutoa wapi?"